Neno la Pili

Saa nane usiku, ghorofa ya tatu, Upper Hill.
Baridi ya Julai inapita chini ya mlango bila kubisha.
Chenye joto humu ni kabati moja la chuma,
nyuzijoto thelathini na saba,
na ndani yake seli nyeupe za Lekishon, mlinzi wa lango,
aliyenikunjia mkono wa shati jana jioni
akasema, "Chukua, dada, ila usinimalize."

Saa nne nilizidondoshea vumbi la ganda la bakteria.
Bakteria mwenyewe hayumo, hata mmoja.
Ni harufu yake tu.
Zikaamini.

Kila saa nachota tone, mashine inapima kelele, naandika.
Saa ya kwanza, minong'ono.
Saa ya nne, namba zimepanda hadi nikafuta miwani nisome tena.

Ndani ya kila seli yumo mjumbe, amefungwa kamba
nje ya mlango wa kiini.
Harufu ya adui ikifika, kamba hukatwa.
Huingia mbio, hufungua kitabu, husoma kwa sauti:
Njooni! Mishipa itanuke! Ngozi iwive! Homa ipande!
Seli jirani husikia, nayo hudaka, hupaza.
Lakini katika kitabu kilekile,
kwa pumzi ileile,
mjumbe husoma agizo la kusokota kamba mpya
ya kumfunga yeye mwenyewe.

Hapa kalamu yangu husimama, kila mara.

Mimi nilipiga neno moja, Kariobangi, nje ya duka la Mwikali.
Mwizi!
Silabi mbili.
Mtaa mzima ukaota mikono.
Kijana alivaa sweta ya shule, ya kijani, kiwiko kimetoboka;
nilikiona kile kiwiko kikipanda, kikishuka,
kisha sikukiona.
Na simu yangu ilikuwa mkobani,
chini ya leso, inatetemeka,
mama ananipigia.

Neno la pili nilikuwa nalo. Basi.
Nalo ni silabi mbili, si zito kulibeba.
Nililisema. Nadhani nililisema.
Nani alikuwa na sikio la kulipokea?

Aliishi. Naliharakisha hili kama anayelipa deni la dukani.
Muuza mihogo alimlalia kifudifudi, kanga yake ikachanika,
mawe mawili yakampata yeye.
Barasa aliishi, na jicho moja.

Seli za Lekishon hazikufundishwa na muuza mihogo.
Kelele ikiwa bado inapanda, zenyewe
zinaanza kufinyanga neno la pili, polepole,
zinalitoa nje, likaelea kidogo kwenye maji,
kisha linarudi kugonga mlango wa iliyolitamka:
Ni wewe ulisema. Sasa tulia.
Na karatasi za amri ya kwanza, zilizozagaa sakafuni,
zinachanwa moja moja.

Kisahani cha nne nimekiziba masikio.
Ndivyo jaribio linavyotaka: dawa kwenye vipokezi,
neno la pili litoke, lisisikike.
Najua kitakachotokea humo, na bado
nakifungua kila saa, nachota, naandika.

Saa kumi na moja stima inapotea; jenereta inakohoa, inashika.
Saa moja asubuhi, visahani vitatu, mstari umeanza kuteremka.
Cha nne kinapiga yowe lilelile la usiku,
na ukitazama kwenye darubini
seli zimeanza kupasuka, hakuna aliyezigusa.

Lekishon anakuja na chai kwenye kikombe cha bati.
"Zangu zimesemaje?"
"Zimepiga kelele."
"Kwa nini?"
"Nilizidanganya."
Anacheka, anapuliza chai. "Halafu?"
Namwonyesha vile vitatu.
Anainama, anatazama kwa muda mrefu, jicho moja limefumbwa,
nami mkono wangu umefunika cha nne.